Wimbo Uliokuwa Kwenye Pindo

Akina mama wa kwaya wameniambia niandike maisha ya mke wangu, yawekwe kwenye daftari la konventi, nyumba ya zamani ya watawa hapa kijijini. Nikawaambia mimi ni seremala. Metta wa duka la mikate akanijibu, "Basi andika kama unavyopiga randa. Toa kisichotakiwa." Nitajaribu.

Mke wangu aliitwa Ilsabe. Alizaliwa hapa hapa Wehlhorst, nyumba ya tatu kutoka kwenye kinu, mtoto wa mchunga kondoo. Shule yake ilikuwa fupi na yangu fupi zaidi. Mwalimu wetu alikwenda vitani akabaki huko. Yeye akafundishwa kushona na shangazi yake. Mimi nikafundishwa mbao na baba.

Alikuwa na sauti. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama mtu anasogeza kabati kwenye chumba cha juu. Walipokuwa wakijiandaa kwa kipaimara, mwalimu wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe Ilsabe, fungua mdomo tu. Usitoe kitu." Wasichana wakacheka. Tangu siku hiyo, kanisani alifungua mdomo tu. Nilikaa naye benchi moja miaka mingi, nikimwona anaumba maneno, na sauti hakuna. Aliimba nyumbani tu, akipiga pasi. Nikiingia, ananyamaza.

Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Nataka siku moja niimbe wimbo mmoja mbele za watu, mwanzo mpaka mwisho. Mmoja tu unanitosha."

"Basi imba."

"Upi? Zote zimeandikiwa Metta na wenzake. Mimi zinanipita juu ya kichwa."

Hatukujaliwa watoto. Hayo yanatosha.

Sasa nieleze kuhusu gauni. Masista wa kale wa konventi yetu waliisha zamani. Siku hizi wanaishi humo akina mama saba wa Kilutheri, wajane na wasioolewa, chini ya mkuu wao, Abesi. Lakini vitu vya masista wanavitunza. Kimoja ni sanamu ya Bikira Maria, ipo juu kwenye roshani ambako masista waliimba bila kuonwa na watu wa chini. Sanamu hiyo ina magauni yake. Masista waliyashona kwa mikono yao miaka mia tano iliyopita. Kila mwaka kabla ya Pasaka sanamu huvuliwa, magauni yakapigwa brashi na kuanikwa kivulini, ikavikwa jingine.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu Ilsabe alipewa kazi hiyo. Gauni la kijani lilikuwa limeliwa na nondo upande wa chini. Akalileta nyumbani, akafumua pindo. Ndani akakuta kanda za ngozi ya ndama, nyembamba, ngumu, zimeshonewa humo ili pindo lisimame vizuri. Zilikuwa na mistari myekundu na madoa meusi. Akaweka kitani kipya mahali pake. Zile kanda akazitia kwenye kopo la biskuti, kwa sababu fundi cherehani hatupi kitu.

Majira hayo hayo mimi nilikuwa natengeneza sakafu ya roshani. Mbao zote zilikaa vizuri isipokuwa mmoja, mbele ya sanamu kabisa. Ukiukanyaga unalia kama paka aliyebanwa mkia. Abesi wa wakati ule alikuwa mkali. "Behnke," aliniambia, "huo ubao au mimi. Mmoja wetu ataondoka humu." Nilijaribu sabuni, nilijaribu kabari. Hakuna. Ulihitaji kitu chembamba na kigumu kati ya ubao na boriti. Nikarudi nyumbani kula. Ilsabe alikuwa kisimani. Kopo lilikuwa wazi mezani.

Nikachukua ukanda mmoja. Nikaukata katikati, nikapandanisha vipande viwili, nikavigongea msumari mmoja, nikarudisha ubao.

Haukulia tena. Kwa seremala, hiyo ni furaha. Miaka thelathini na miwili nilipita juu yake nikitabasamu peke yangu. Sikumwambia Ilsabe. Sikuwa nikimficha, sikuona kama ni jambo la kusema.

Halafu akaja Dokta Wiebke.

Si daktari wa wagonjwa. Alitoka chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye baiskeli, kazi yake kutafuta nyimbo ambazo masista waliziimba zamani zikapotea. Alikuja kuangalia magauni ya sanamu. Abesi wetu wa sasa akamleta nyumbani, kwa kuwa pindo lilifumuliwa na Ilsabe. Ilsabe akakata keki ya siagi, akamimina kahawa, akashusha kopo kutoka juu ya kabati.

Dokta Wiebke alizipanga zile kanda juu ya kitambaa cha meza. Alizipanga moja chini ya nyingine, akazisogeza, akazibadilisha. Kisha akavua miwani na kulia. Nilidhani keki imempalia.

"Mnajua hiki ni nini?" akasema. "Ni ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Kitabu kilichakaa, wakaukata mstari kwa mstari wautumie kwenye pindo. Ni wimbo wa asubuhi ya Pasaka. Wanawake wanakwenda kaburini na mafuta yao, wanakuta mlango wazi. Hauimbwi popote. Haujulikani popote."

Akaanza kuuimba taratibu, kidole juu ya ngozi. Ulikuwa wa chini. Ukashuka, ukashuka tena, yeye akashindwa kuufuata. "Hapa sifiki," akasema. "Walikuwa na sista mwenye sauti ya chini sana, wakamwandikia yeye."

Ilsabe alikuwa amesimama na birika mkononi. Akafika pale dokta aliposhindwa, akaendelea. Jikoni kwetu, mbele za watu. Abesi akaweka kikombe chini.

Wakaendelea hivyo mpaka ukanda wa tano. Hapo neno likakatika katikati.

"Upo wa sita," dokta akasema. "Lazima. Wimbo haujaisha. Mama Behnke, kumbuka vizuri. Haukubaki kwenye gauni? Haukuanguka?"

Ilsabe akafikiri. Uso ukamshuka. "Nilikuwa msichana. Takataka za nyuzi nilizitia jikoni, kwenye moto. Nitakuwa niliuchoma."

"Usijilaumu, mama."

"Nimlaumu nani? Ni mimi niliyefumua."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, keki mdomoni. Nilijua dakika ile ile. Nikautazama mkono wangu uliopiga ule msumari. Nikafikiri wataandika kwenye gazeti, seremala mjinga wa Wehlhorst. Nikafikiri nitamwambia Ilsabe wakiondoka. Wakaondoka. Yeye akawa anaosha vyombo huku anaimba, mlango wazi, nami nimo ndani, na hakunyamaza. Nikasema nisimharibie siku hii. Nitamwambia kesho.

Kesho hiyo ilichukua miaka minane.

Dokta Wiebke akaanza kuja kila Jumanne. Walikusanyika wanawake tisa: Abesi na watatu wake, Metta, Ilsabe, na wengine wa kijijini. Aliwafundisha kwa mkono, kama masista walivyojifunza. Kila kifundo cha mkono wa kushoto ni noti. Ya chini kabisa iko kwenye ncha ya kidole gumba, zinazofuata zinateremka kidole hicho huku sauti ikipanda, zinapita kwenye mashina ya vidole, zinapanda kidole cha mwisho, na kuendelea. Mwalimu anagusa kifundo, wanafunzi wanatoa sauti. Kijiji kizima kikawa kinajigusagusa vidole. Metta alikuwa akipima mikate huku anabonyeza kidole, wateja wakidhani anawaibia uzito.

"Metta, hesabu zako hizo za siri zinaishia wapi?"

"Zinaishia mbinguni, wewe. Chukua mkate wako."

Ilsabe alibadilika. Alitembea kifua mbele. Alishona nguo ya kuimbia, ya kijivu. Jumanne alikula mapema, supu tu, akasema shibe inakaba sauti. Walisimama kwenye roshani, mbele ya sanamu, mduara mdogo. Na mahali pake Ilsabe, kwa sababu ya sauti yake, palikuwa katikati. Juu ya ubao wangu.

Nilimwona. Nilikaa chini kanisani kila Jumanne nikijifanya natengeneza benchi.

Pasaka ya kwanza watu walikuja mpaka kutoka Uelzen na Hannover. Dokta alikuwa ametunga mwisho wake mwenyewe, ili wimbo usikatike. Ulikuwa mzuri. Ilsabe akakataa.

"Gauni la mtu ukilitia kiraka, kiraka kionekane," alimwambia. "Usikishone kama vile kilikuwepo."

"Sasa tufanye nini, mama? Tukatike katikati ya neno?"

"Ukanda ule ulikuwa na urefu gani?"

"Sawa na wenzake. Shubiri moja na vidole vinne."

"Basi tuimbe tufike hapo, tunyamaze muda wa shubiri moja na vidole vinne. Ndipo tushuke ngazi."

Wakafanya hivyo, na imekuwa desturi. Wanaimba, neno linakatika, kisha kimya. Watu wa chini mwaka ule hawakuelewa, walikohoa. Mwaka wa pili hawakukohoa. Kuna waliokuja kwa ajili ya kile kimya tu, walisema wenyewe.

Mimi kimya kile kilinikata. Nilijua kipo wapi kilichotakiwa kuwemo. Na kila mwaka, tukirudi nyumbani, Ilsabe alivua nguo ya kijivu, akaitundika, akasema neno lile lile: "Nimeimba wimbo usio na mwisho, Hinnerk. Na mwisho nimeuchoma mwenyewe."

Nami nikamvua viatu. Nikasema, "Pumzika, mama." Ndiyo hayo tu niliyoyasema.

Mapafu yalianza kumsumbua vuli ya mwaka wa nane. Hospitalini wakasema labda ataiona Pasaka, labda hataiona. Akataka kurudi nyumbani. Niliweka kitanda jikoni, karibu na jiko, aone njia ya kwenda konventi. Jumanne wenzake walikuja kuimba chini ya dirisha, na theluji mabegani. Yeye aliwafuata kwa kidole tu. Mdomo alifungua, sauti hakuna, kama zamani kanisani. Metta akageuka akaangalia ukuta.

Walipoondoka akaniambia, "Kufa sikuogopi sana. Ila ningejua mwisho ulikwendaje. Ulishuka au ulipanda? Hilo tu."

Nikaweka kisu cha viazi chini.

"Ilsa. Hukuuchoma."

Akanitazama.

"Upo chini ya ubao. Kwenye roshani. Niliuchukua mimi, ulipokuwa kisimani."

"Ubao upi?"

"Ule uliokuwa unalia."

Alicheka. Haki ya Mungu alicheka, akakohoa mpaka nikamshika. "Nimesimama juu yake," akasema. "Hinnerk. Kila Jumanne nimesimama juu yake." Kisha kicheko kikaisha. "Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya keki."

Akageuza uso ukutani. Jua lilikuwa bado halijatua, nakumbuka, mwanga wake ulikuwa juu ya mto wa kitanda. Nilimaliza viazi. Hakula.

Asubuhi nilikwenda kwa Abesi na mtaimbo. Sikumficha. Yeye ni mtu wa maneno machache kama mimi. Akachukua funguo, akatangulia. Nilinyanyua ubao. Vipande viwili vilikuwa pale nilipoviacha, na kutu ya msumari kwenye kona.

Kile cha chini kilikuwa salama. Maandishi meusi, mistari myekundu, kama jana.

Kile cha juu kilikuwa cheupe. Kimesuguliwa na ubao mpaka hakuna kitu. Abesi alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakigeuza tena. Dokta Wiebke alikuja siku iliyofuata na taa yake ya bluu na kioo chake. Alikitazama saa nzima. Nikamuuliza: kimefutika miaka yote hiyo, au karibuni?

Akaanza kufungasha taa yake. Nikasema, "Dokta, mimi ni mtu mzima."

"Zamani hapakuwa na mtu wa kukaa juu ya roshani, Mzee Behnke. Walipita tu. Miaka hii minane wamesimama tisa, kila wiki, wakiyumba na wimbo. Msuguo ni wa sasa. Ingekuwa tumeutoa siku ile..."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Waliufuta wenyewe kwa kuutafuta, nami nikiwatazama kutoka chini.

Nilimpelekea Ilsabe vyote viwili. Nilimwambia yote, na lile la msuguo nikamwambia. Sikuwa na haki tena ya kumchagulia la kusikia. Alishika kile cheupe kwanza. Alikipapasa kwa kidole cha fundi, kama anatafuta mahali sindano ilipopita. Akakiweka kifuani.

"Ungeniambia tu, baba," akasema. "Ningekucheka siku moja, basi. Hata jioni isingefika."

"Najua."

"Hujui. Umenilisha uchungu wa bure miaka minane kwa kuogopa kicheko cha siku moja."

Nikasema ndiyo.

Siku mbili hakusema nami zaidi ya maji na dirisha. Siku ya tatu akaniita. "Lete mkono. Wa kushoto."

Kipande cha chini kilikuwa na noti tisa. Pumzi ya kuziimba hakuwa nayo. Metta na wenzake wangeweza kuja, Abesi alikuwa tayari. Hakutaka. Alitaka kuzisikia kutoka kwangu, mimi ambaye sijawahi kuimba hata nikiwa nimelewa. Akagusa kifundo, nikatoa sauti niliyoweza.

"Chini zaidi. Hiyo ni mbuzi."

Nikashuka.

"Bado. Hapo. Shika."

Alisema mkono wangu ni mzuri kwa kazi hiyo, vifundo vimejaa sugu, noti hazikosi pa kukaa. Tulikwenda hivyo wiki mbili, noti moja moja. Sauti inashuka kutoka mashina ya vidole, inafika kifundo cha katikati cha kidole gumba, chini kabisa ya wimbo wote, pale ambapo yeye tu alifika. Halafu inapanda taratibu na kutulia kwenye shina la kidole cha kati. Hapo imeisha.

"Kwa hiyo ulishuka kwanza," akasema. "Nilidhani hivyo."

Alifariki Alhamisi, siku kumi kabla ya Pasaka, mchana, wakati nachemsha maji. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu muda mfupi kabla, lakini nilikuwa nimeondoka kwenda kwenye jiko, hatua nne. Nimezihesabu.

Kama alinisamehe sijui. Alinifundisha. Ndiyo niliyonayo.

Nguo ya kijivu nilimzika nayo. Kile kipande cheupe nilikishona mwenyewe kwenye pindo lake, mishono mibaya. Dokta Wiebke aliruhusu. Alisema hakina kitu cha kusomwa tena. Kile chenye noti kiko konventini, kwenye kabati la kioo.

Asubuhi ya Pasaka nilikaa chini, benchi letu. Juu walikuwa wanane. Walianza. Kila mahali ambapo wimbo ulishuka palikuwa na tundu, kama jino lililong'oka. Wakafika pale neno linapokatika. Wakanyamaza, lakini safari hii nusu tu, kiasi cha kipande cheupe. Nilipima kwa vidole kwenye goti.

Nilikuwa nimerudisha ule ubao bila kuweka kitu chini yake. Katikati ya kimya Metta alihamisha mguu. Ubao ukalia.

Kanisa zima lilisikia. Hakuna aliyecheka.

Kisha wakaingia na zile noti tisa. Wakashuka. Kwenye kidole gumba hakuna aliyefika; walikuwa wamekubaliana wasijaribu, wapaache wazi. Nilikibonyeza kifundo changu pale. Sikutoa sauti, nilifungua mdomo tu. Wao wakapanda, wakatulia kwenye kidole cha kati, ukaisha.

Miaka saba imepita. Abesi huniambia kila kabla ya Pasaka, "Mzee Behnke, ule ubao."

Namwambia nitakuja.